Homa inayojirudia ndani ya ukoo mmoja, malaria hasi, ESR juu: ni jeni au ni maabara zetu?

#1 Tabibu_Amu
Salama wakuu. Nisaidieni kufikiri.

Kijana wa miaka 14, mwenyeji wa kisiwani Lamu. Anapandwa na homa ya 39, tumbo linamkaza hadi hawezi kunyooka. Mara nyingine ni kifua upande mmoja, au goti moja linavimba. Siku mbili tatu yote yanapoa yenyewe, anarudi kucheza mpira. Wiki chache baadaye, yale yale. Malaria hasi kwa kadi na kwa hadubini. Widal, kipimo cha taifodi, husemwa "chanya" kila akipimwa, kwa hiyo siprofloksasini ameshaimaliza dozi baada ya dozi. ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama bombani) siku ya homa 78, CRP (protini inayopanda mwili ukiwaka) ya sahani chanya, Hb (hemoglobini) 10.4, chembe nyeupe 13.2 (elfu kwa mikrolita). Dada yake mkubwa ana hali hiyo hiyo, na mjomba wao pia, ndugu wa mama. Baba na mama ni mabinamu.

Dai langu: hii ni inflamesheni ya kurithi. Mwili unawasha vita bila adui. Anayepinga aje na hoja.

#2 Hadubini_Malindi
Tabibu, kabla hujarukia jeni, ESR hiyo ilipimwaje?

Damu ya EDTA (dawa ya kuzuia kuganda) sehemu nne, sodiamu sitreti sehemu moja: mililita 2 kwa nusu mililita. Bomba la Westergren lisimame wima kabisa. Likiinama nyuzi 3 tu, jibu laweza kupanda kwa asilimia 30. Stendi isikae meza moja na mashine ya kuzungusha damu, mtikisiko unaharibu. Kipimo kimetengenezwa kwa chumba cha nyuzi joto 18 hadi 25. Mwezi wa tatu, chumba cha feni bila kiyoyozi, unasoma namba ya joto pamoja na namba ya ugonjwa. Kinyume chake, damu iliyotoka Faza kwa boti ikapita saa 4 bila barafu, ESR hushuka, maana chembe nyekundu zimeanza kuvimba kuwa duara na hazishikamani tena. Na jibu ni la dakika ya 60. Ukienda kuswali adhuhuri ukarudi dakika ya 80, hiyo si ESR tena.

Halafu Hb 10.4 peke yake inapandisha ESR. Sisemi 78 ni uongo. Nasema usijenge nyumba ya jeni juu yake.

CRP ya sahani nayo: mikrolita 50 za seramu, tone moja la leteksi, zungusha dakika 2, soma papo hapo. Ukingoja, tone linakauka ukingoni na unaona chenga ambazo si jibu. Kikomo chake ni kama miligramu 6 kwa lita, kwa hiyo "chanya" haisemi kama ni 8 au 180. Punguza makali kwa salini (maji ya chumvi) 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, chukua ya mwisho iliyoganda, zidisha namba yake (2, 4, 8) kwa 6. CRP ikiwa juu mno sahani inaweza kusema hasi, na ni huko kupunguza makali kunakokuokoa.

#3 Bi_Langoni
Hiyo Widal itupwe. Kipimo kimoja cha Widal mahali ambapo watu wamekutana na salmonela tangu utotoni hakithibitishi kitu. Ama kalcha ya damu (kuotesha bakteria) kabla ya dawa, ama sampuli mbili zilizoachana siku 10 hivi, nguvu ikipanda mara nne. Watoto wanajazwa antibiotiki bure.

#4 Damu_na_Mfupa
Mbona hakuna aliyetaja selimundu? Pwani hii, maumivu ya ghafla ya tumbo, kifua na viungo, ndugu wa tumbo moja, upungufu wa damu, chembe nyeupe juu. Selimundu ndiyo inflamesheni ya kurithi iliyo kubwa kuliko zote hapa kwetu, ila watu wanaiona kama "ugonjwa wa damu" tu.

Herufi moja ya DNA kwenye jeni ya beta globini, GAG inakuwa GTG, na asidi ya amino ya sita inabadilika kutoka glutamati kuwa valini. Chembe nyekundu inapinda na kupasuka, na hemu (sehemu ya hemoglobini yenye chuma) inayomwagika inaamsha kinga kupitia kipokezi cha TLR4. Kuta za mishipa zinanata, neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zinashikwa hapo, mshipa unaziba. Mgonjwa wa SS (mwenye nakala mbili za jeni hiyo) anatembea na chembe nyeupe zaidi ya 10 hata siku asiyoumwa. Haidroksiyurea inapandisha hemoglobini ya kitoto, hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni kwamba inashusha pia neutrofili, na hiyo ni nusu ya faida. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, ulikuwa na kituo Kilifi hapa, na watoto waliotumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo.

Tabibu, fanya kwanza kipimo cha kuyeyuka kwa dithionaiti. Akiwa na Hb chini ya 7, tia kipimoni sampuli ya damu mara mbili ya kawaida, la sivyo utapata hasi ya uongo. Aliyetiwa damu ya mtu mwingine karibuni, subiri. Kipimo hicho hakitenganishi AS (mwenye nakala moja) na SS, kwa hiyo chanya iende elektroforesisi, inayotenganisha aina za hemoglobini.

#5 Hadubini_Malindi
#4 umenena, lakini namba zinakupinga. Chembe zilizopinda haziwezi kupangana safu, kwa hiyo ESR ya mgonjwa wa SS huwa ya chini kuliko unavyotarajia, hata akiwa na upungufu wa damu. ESR 78 na selimundu haviendi pamoja kirahisi. Na Hb 10.4 ni nyingi kwa SS, ambao wengi hukaa 6 hadi 9.

#6 Damu_na_Mfupa
Isipokuwa ana alfa thalasemia juu yake (kasoro nyingine ya kurithi ya hemoglobini), na Pwani yetu imejaa alfa thalasemia. Inapunguza kupasuka kwa chembe, Hb inakaa juu kidogo. Jeni hizi mbili zinachezeana: mwenye AS amekingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90, lakini akirithi na alfa thalasemia ya nakala mbili, kinga hiyo karibu inafutika. Hilo lilionyeshwa Kilifi, likachapishwa 2005. Kwa hiyo usimtoe mtu kwenye selimundu kwa sababu Hb yake ni 10.

#7 Jeni_na_Jamii
Nilivyosoma #1: shambulizi la saa 12 hadi 72, homa, utando wa tumbo, utando wa mapafu, kiungo kimoja kikubwa, kupoa kabisa katikati, wazazi mabinamu. Hii ni picha ya homa ya kifamilia ya Mediterania, tuiite FMF. Jeni yake ni MEFV, kromosomu 16, iliyopatikana 1997 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja. Inatengeneza protini inayoitwa pairini. Kazi ya pairini ni kunusa sumu za bakteria ndani ya chembe nyeupe na kuwasha inflamasomu, mtambo wa inflamesheni ndani ya chembe, ambayo inatoa interlukini 1 beta, ishara ya kuwasha homa. Badiliko kama M694V linalegeza breki. Pairini inawaka kwa jambo dogo: uchovu, hedhi, baridi, au hata bila sababu.

Wanaopata zaidi ni Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Lamu ina watu wengi wenye asili ya Uarabuni kusini, kwa hiyo si ajabu kuiwaza.

Hatari yenyewe haiko kwenye maumivu. Ini linatoa protini inayoitwa SAA kwa wingi kila shambulizi, mabaki yake yanalala kwenye mafigo kama amiloidi, na baada ya miaka mafigo yanakufa. Ndiyo maana leo leo pima protini kwenye mkojo wa asubuhi, yeye, dada na mjomba.

#8 MvuviWaTakwimu
Hadubini ukiachiwa utapima hadi maji ya bahari ya Shela 😀 Lakini swali kwa #7: kama ni jeni inayohitaji nakala mbili, mjomba ameingiaje? Ugonjwa unaoonekana vizazi viwili mfululizo unanukia jeni ya nakala moja. Kuna TRAPS, homa nyingine ya kurithi inayojirudia, jeni ya TNFRSF1A, iliyotambuliwa 1999. Nakala moja inatosha.

#9 Jeni_na_Jamii
Swali zuri, yakhe. Kwenye ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe, jeni ya nakala mbili hujifanya ya nakala moja. Mama ana nakala moja bila dalili, kaka yake alirithi mbili, mama akaolewa na binamu mwenye nakala moja: kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4. Vizazi viwili vinaugua bila TRAPS. Halafu shambulizi la TRAPS ni refu, kwa kawaida zaidi ya wiki, na macho huvimba pembeni. Huyu ni siku tatu.

Tena mtu akipima TNFRSF1A asishtuke akiona P46L. Badiliko hilo linapatikana kwa watu wenye afya Afrika Magharibi, na maana yake kwa ugonjwa inabishaniwa mpaka leo.

#10 Bi_Langoni
Asante #9, hapo kwa mjomba nimeelewa.

#11 Hadubini_Malindi
Nipinge kidogo hapo kwa "asili ya Uarabuni". Jina la ukoo halipimi jeni. Mtu wa Lamu ana babu wa Hadharamauti, bibi wa Pate, na upande mwingine Bajuni au Mpokomo. Ukishajiambia "huyu Mwarabu, ni FMF" utaacha selimundu, na ukijiambia "huyu Mgiriama, ni selimundu" utaacha FMF.

Na chembe nyeupe 13.2 msizipite haraka. Waafrika wengi hawana kipokezi cha Duffy juu ya chembe nyekundu, kwa herufi moja iliyobadilika kwenye mlango wa kuwashia jeni ya ACKR1. Malaria ya vivaksi haiingii kirahisi, hilo linajulikana. Lakini kipokezi hicho hicho hufunga kemokini, ishara za inflamesheni, na asiyekuwa nacho ana neutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Hesabu ya 1.0 hadi 1.5 kwake ni ya kawaida, uboho wake mzima, na akipata maambukizi neutrofili zinatoka. Mashine inapiga alama nyekundu kwa sababu viwango vyake vimetoka kwa Wazungu. Kwa hiyo kijana huyu akiwa mzima ana jumla ya 3.8, basi 13.2 ni zaidi ya mara tatu. Tabibu, tunataka hesabu ya siku asiyoumwa. Bila hiyo hatujui amepanda kiasi gani.

#12 Mwalimu_Barani
Mnakimbilia jeni na maziwa mabichi yapo. Brusela, bakteria wa mifugo, je? Homa inayopanda na kushuka, viungo, tumbo, familia nzima inakunywa kibuyu kimoja. Kipimo chake, Rose Bengal, ni dakika 4 tu. Na homa ya baridi yabisi ya moyo umri huo ni wenyewe: koo, kisha viungo, ASO (kingamwili za bakteria wa koo) juu, sikiliza moyo. TB ya tumbo pia.

#13 Tabibu_Amu
Maalim, brusela nilipima, hasi. Moyo hauna mnung'uniko. TB haipoi kwa siku tatu mtu akaenda uwanjani.

#14 Mwalimu_Barani
Rose Bengal hasi moja haitoshi kwa mwenye dalili za muda mrefu, lakini sawa, siku tatu tatu zinanipinga.

#15 Mfamasia_Watamu
Kama mnaelekea FMF, dawa ni kolkisini, na faida yake kwa ugonjwa huu inajulikana tangu 1972. Mambo ya kushika:

Inamezwa kila siku, shambulizi liwepo lisiwepo. Anayeimeza siku ya maumivu tu hapati kitu na mafigo hayakingwi. Chini ya miaka 5 ni miligramu 0.5 au pungufu kwa siku, miaka 5 hadi 10 ni 0.5 hadi 1, juu ya 10 ni 1 hadi 1.5. Huyu wa 14 aanze na 0.5 asubuhi na 0.5 jioni. Akiharisha, gawa dozi ndogo ndogo na upunguze maziwa kwa muda. Kuharisha ndiko onyo la kwanza la sumu, kwa hiyo asijiongezee.

Klarithromisini na kolkisini pamoja zimeua watu. Erithromisini, ketokonazoli, verapamili na ritonavir pia zinapandisha kolkisini mwilini. Akihitaji dawa ya kifua katikati, azithromisini ina amani zaidi. Figo zikiwa mbovu dozi ishuke. Aliyezidisha hana kiuasumu. Ua lile jekundu na manjano linalopanda kwenye vichaka, Gloriosa superba, lina kolkisini hiyo hiyo kwenye kiazi chake, na kuna wanaolichimba kama dawa ya viungo. Muulizeni mjomba kama anatumia mizizi yoyote kabla ya kumwandikia kidonge.

#16 Bi_Langoni
Nitoke nje kidogo. Watu wazima wanauziwa CRP ya usikivu wa juu, inayosoma viwango vidogo, wakiambiwa miligramu 3 kwa lita na zaidi moyo uko hatarini. Kama inflamesheni ni ya kurithi, hao nao wamerithi ugonjwa wa moyo?

#17 Jeni_na_Jamii
Hapa jeni ndiyo ilitoa jibu, na mimi napapenda kuliko sehemu zote za somo hili. Kuna watu waliozaliwa na jeni ya CRP inayotoa CRP nyingi maisha yao yote. Kama CRP yenyewe ingekuwa inaharibu mishipa, hawa wangeugua moyo zaidi. Walipohesabiwa kwa makumi ya maelfu, hawakuugua zaidi. CRP ni moshi.

Wakageukia kipokezi cha interlukini 6 (IL-6, ishara inayoamrisha ini kutoa CRP), kilicho juu zaidi kwenye mnyororo. Badiliko la Asp358Ala linapunguza ishara ya IL-6, na mwaka 2012 ilionekana wenye nalo wana ugonjwa wa moyo kidogo. Moto uko huko juu. Kisha 2017 jaribio la CANTOS, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, walipewa kanakinumabu ya kuzuia interlukini 1 beta, ile ile inayomwagwa na pairini. Miligramu 150 kila miezi 3 zilipunguza mashambulio kwa asilimia 15 bila kugusa kolesteroli. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Na kolkisini miligramu 0.5 kwa siku imeonyesha faida kwa wagonjwa wa moyo pia, 2019 na 2020.

Anayepima apime akiwa mzima, bila mafua wala jipu. Ikizidi 10, rudia baada ya wiki mbili tatu, huenda ni jino tu.

#18 MvuviWaTakwimu
#17 ongeza kwamba watafiti wengi walihesabu Wazungu. NOD2, jeni ya kwanza ya ugonjwa wa Crohn (inflamesheni ya utumbo), ilitangazwa 2001, na mabadiliko yake matatu makuu karibu hayapo kwa Waafrika. PTPN22 ya baridi yabisi vivyo hivyo. Ukituma damu ya mtoto wa Lamu kwenye kipimo kilichotengenezwa kwa mabadiliko hayo, "hasi" yako haina uzito. Hata MEFV, wapo wenye FMF kamili wanaoonekana na nakala moja tu, wengine hawaonekani na yoyote. E148Q, badiliko jingine la MEFV, wengine wanaiita ugonjwa, wengine wanaiita ya kawaida.

#19 Damu_na_Mfupa
Na protini kwenye mkojo isisomwe kuwa amiloidi moja kwa moja. Mjomba akiwa nayo, kuna jeni ya APOL1. Mabadiliko ya G1 na G2, yaliyotangazwa 2010, mtu akiwa na nakala mbili, figo ziko hatarini, na inflamesheni ndiyo inayochochea: interferoni inawasha jeni hiyo. HIV isiyotibiwa inafanya hivyo, COVID pia ilifanya. Jeni zilienea kwa sababu zinakinga malale.

#20 Hadubini_Malindi
Sahihisho: si malale yote. G2 inakinga dhidi ya rhodesiense, ile ya mashariki. G1 inahusishwa na watu wanaobeba gambiense, ile ya magharibi, bila kuugua. Na zote mbili zimejaa Afrika Magharibi kuliko huku kwetu, kwa hiyo APOL1 iwe chini kwenye orodha.

Kabla ya yote, kichocho. Kama waliwahi kuoga mabwawa ya Tana au bara ya Malindi, chukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mililita 10, pitisha kwenye filta, tafuta yai lenye mwiba mwishoni. Kichocho peke yake kinatoa protini na damu.

#21 Tabibu_Amu
Shukran. Naandika hivi: siku asiyoumwa, picha kamili ya damu, ESR, CRP ya kupunguzwa makali, dithionaiti kisha elektroforesisi, mkojo wa asubuhi wa wote watatu, mkojo wa mchana kwa kichocho. Siku ya shambulizi, rudia damu kati ya saa 24 na 48, pamoja na kalcha. Kisha nianze kolkisini?

#22 Mfamasia_Watamu
Anza mara mkojo na figo vikishasomwa. Jibu la jeni kutoka nje laweza kuchukua miezi. Mashambulizi yakikatika kwa dozi kamili ndani ya miezi 3 hadi 6, hiyo ni hoja kubwa kuliko karatasi.

#23 Damu_na_Mfupa
Sikubali. Elektroforesisi kwanza. Maumivu ya selimundu nayo huja na kuondoka, utasema kolkisini imeponya kumbe ni msimu tu, na mtoto anakosa haidroksiyurea.

#24 Jeni_na_Jamii
ESR 78, Damu. Bado hujaieleza.

#25 Damu_na_Mfupa
Na wewe bado hujaieleza Hb 10.4.

#26 Hadubini_Malindi
Inflamesheni ya muda mrefu inafunga chuma kwa hepsidini, homoni ya ini, IL-6 hiyo hiyo inaamrisha ini. Hb 10 inaelezeka. Minyoo nayo inaeleza. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, haitawasaidia siku ya homa, inapanda na CRP, kwa hiyo Tabibu pima ukubwa wa chembe nyekundu: MCV chini ya 75 ni alfa thalasemia au chuma, tutabishana tena hapo. EDTA mbili, tubu tupu moja, kiboksi cha barafu kwenye boti, barafu isiguse damu.

#27 Tabibu_Amu
MCV ilikuwa 71.

#28 Damu_na_Mfupa
😀 Haya, tuanze upya.